Ng'ombe Niliyemlima

Watu wakiniuliza nilifanya kazi gani ujanani, nawaambia nilikuwa nachora kwa jembe. Wengine hucheka. Wengine hunitazama viganja, wakikuta sugu za kutosha hunyamaza. Sikuwa na jina jingine la kuiita kazi ile, na hadi leo sina. Nilikuwa nakwatua majani ya mlimani, nachimba, nainua udongo, napanga mawe, mpaka mtu aliyesimama mlima wa pili aseme, "Aa! Kile si kichwa cha ng'ombe?" Akishasema hivyo mimi nimeshiba.

Nilianzia Kasulu, kwenye mawe ya chokaa. Miaka ile ya sabini hapakuwa na ofisi wala shule isiyokuwa na mawe meupe kuzunguka mlingoti wa bendera. Nilipata kibarua kwenye shule moja, nikaambiwa niyapange mawe mviringo kisha niyapake. Mviringo! Mtu mzima na akili zake, kutwa nzima anapanga mviringo! Siku ya pili nikachoka, nikaongeza masikio. Siku ya tatu mwalimu mkuu akatoka ofisini, akakuta bendera imesimama katikati ya uso wa paka, na wanafunzi wamekaa chini kwa kicheko. Alinifukuza kabla ya saa nne. Nikadandia lori la mizigo kurudi Kibondo, mfukoni sina kitu, na moyoni nina furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu.

Kwetu, nje kidogo ya Kibondo ukishika njia ya Kitahana, ni vilima mfululizo, kimoja kinakitazama kingine usoni. Mtu hahangaiki kutuma ujumbe. Anasimama uani, anaweka viganja mdomoni, anaita, na wa ng'ambo anaitika. Habari za msiba, za harusi, za mbuzi aliyeingia kwenye maharage ya watu, zote zilipita hewani juu ya bonde. Kwa hiyo niliona ajabu kwamba hakuna aliyewahi kufikiria kuutumia mlima wenyewe. Upo pale, umesimama kama ubao wa darasani, kila mtu anautazama asubuhi mpaka jioni, na hakuna aliyeandika kitu.

Basi ukaja mwaka wa kuhamia vijijini. Tukaambiwa tuache miji yetu ya zamani iliyotawanyika, twende kilima cha jirani kwenye kijiji kipya, nyumba mistari miwili, imenyooka utadhani imepigwa rula. Mimi na mke wangu ndio kwanza tulikuwa tumeoana. Tukahama mapema, tukajenga, na ubavuni tukajenga chumba cha baba. Chumba kikakauka, kikasubiri. Baba hakuja.

Baba yangu alikuwa mgane, mkaidi, na mwenye kauli. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ametoa muda: mvua zikikatika, barabara ikikauka, malori yatapita, na nyumba itakayokutwa na mtu itaezuliwa paa mbele ya macho yake. Hakuwa anatania. Kilima cha tatu kutoka kwetu walikuwa wameshaezua, nasi tuliyaona majani ya paa yakirushwa chini. Kilichoninyima raha ni kwamba nilimjua baba. Wangeezua, naye angebaki amekaa ndani ya kuta nne, jua linampiga, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi, hataki kusemeshwa. Angekaa hivyo mpaka afe.

Sababu yake? Ng'ombe.

Alikuwa na ng'ombe jike mmoja mwekundu, baka jeupe ubavuni, pembe ndefu za kwetu zinazoanza kwa kutanuka kisha zinakumbuka kupanda juu. Ng'ombe yule alikufa kwa ugonjwa mwaka mmoja kabla ya mambo haya. Majirani walikuja na visu na masufuria, wakiwa na nyuso za huzuni na mate mdomoni. Baba akawafukuza. Akachimba shimo nyuma ya nyumba, akamzika. Nyama yote ile! Mpaka leo kuna watu hawajatusamehe.

"Siwezi kumwacha huku peke yake," akaniambia. "Akihama yeye, nami nahama."

"Baba, ng'ombe alishakufa."

"Najua alikufa. Nani alimzika?"

Nikakaa, nikatazama mlima wa ng'ambo. Ulikuwa mlima mtupu, majani tu, na uzuri wake ni kwamba ulionekana kutoka uani kwa baba na ukaonekana vilevile kutoka kijiji kipya. Ndipo wazo likanijia.

"Nikimhamisha," nikasema, "utahama?"

Baba akacheka mpaka akakohoa. "Mhamishe nione."

Nikaanza kesho yake. Kazi ile haina siri kubwa. Unachukua kamba ya katani na vigingi. Unasimamisha kigingi kwenye pua, kingine kwenye nundu, kingine mkiani, unavuta kamba, unafuata kamba kwa jembe. Majani unayakwatua mpaka udongo mwekundu uonekane, huo ndio mwili. Pembeni unainua tuta, kivuli chake ndicho mstari. Baka jeupe ni mawe kutoka mtoni, tena kuyabeba kichwani kupanda mlima ule, wacha! Ugumu upo mahali pamoja tu: ukiwa karibu huoni unachofanya. Unaona udongo. Lazima ushuke bonde, uvuke mto, upande ng'ambo, ugeuke, utazame, ulaani, kisha urudi ukarekebishe. Kwa siku nilikuwa nashuka na kupanda mara tano. Mke wangu alisema nimekonda kuliko ng'ombe mwenyewe, na huyo alikuwa marehemu.

Mara ya kwanza nilipokwenda kutazama, nilitaka kulia. Mlima ulilala nyuma, ukamkunja ng'ombe wangu, miguu ikafupika. Mfanyabiashara mmoja wa Kibondo mjini, aliyekuwa akipeleka vitenge Mabamba kwa baiskeli, alisimama barabarani, akavua kofia yake ya kiua, akajifuta jasho na kuuliza kwa upole, "Samahani ndugu yangu, mbona mmechora nguruwe?" Nikamwambia aendelee na safari yake. Kisha nikarudi mlimani, nikarefusha miguu maradufu, na hapo nikajifunza kwamba mlima unakula nusu ya kila kitu unachoupa.

Lakini mkosoaji mwenyewe alikuwa baba. Kila siku mchana, mke wangu akishampelekea chakula, baba alitoka uani, akasimama mahali palepale karibu na mgomba, uso ameuelekeza mlimani, akaita.

"Weee! Nundu imekuwa kama kichuguu!"

Naacha jembe. Natazama nundu. Naishusha.

Kesho yake: "Weee! Huo mkia umefungwa kwenye kiwele?"

Kwa kweli mkia ulikuwa umeanguka vibaya. Nikauhamisha, hatua kumi na mbili.

"Weee! Pembe ya kulia inasinzia!"

Nilikuwa namkasirikia, nikisema peke yangu mlimani maneno ambayo mtoto hamwambii baba yake. Lakini kila nilipovuka bonde kuhakikisha, nilimkuta yuko sahihi. Jicho la mzee huyu, nikasema, Mungu amelibariki. Kilima kizima kilisimamisha kazi mchana kumsikiliza akinigombeza. Walikuja hata watu wa Kumsenga waliokuwa na jamaa zao kwetu, wakakaa kwenye majani, wakachukua upande: hawa wanamtetea baba, hawa wananitetea mimi. Wengi walikuwa wa baba.

Katikati ya hayo akaja bwana shamba na pikipiki yake. Alikuwa kijana mpole mwenye kazi ngumu ya kutushawishi tulime matuta yanayokinga maji. Akasimama chini ya tumbo la ng'ombe, akatazama juu, akatazama chini.

"Hiki ni nini?"

"Shamba," nikasema.

"Shamba la nini?"

Akanizungusha mlima mzima, akanionyesha miguu minne iliyoteremka moja kwa moja na mlima. "Mvua moja tu kubwa," akasema, "miguu hii itakuwa makorongo manne." Nilitaka kubisha, lakini nilimwona anaumia kweli, kwa ajili ya udongo. Tukakubaliana. Mgongo na tumbo viwe makinga maji ya kweli, vipite mlima kwa ubavu. Miguuni nipange mawe ya kukatisha kila hatua nne. Na ndani ya mwili nipande maharage, ili yeye akiulizwa aandike shamba na asiwe mwongo. Ndivyo ilivyokuwa kwamba ng'ombe wa baba, ambaye maisha yake yote alikuwa mwekundu, akaota majani ya kijani.

Mvua zikakatika. Barabara ikaanza kutoa vumbi. Siku mbili kabla ya malori baba akatoka uani, akasimama pale kwenye mgomba, uso ameuelekeza mlimani. Kisha akaita, "Haya! Sasa huyo ni yeye!"

Mimi nilirusha jembe juu. Lilianguka karibu na mguu wangu, lakini nani alijali? Baba anahama! Paa halitaezuliwa juu ya kichwa chake!

Tulimhamisha kesho yake asubuhi, vyombo vyake vichache, kigoda chake, kibuyu chake. Njiani alimshika mke wangu bega, akisema goti linamsumbua. Tulipofika nikaweka kigoda mbele ya mlango wa chumba chake kipya. Mimi nilikuwa na wasiwasi wa mtu anayefunua kazi yake, nikajifanya nafunga mzigo. Baba akakaa. Akakohoa. Akainua uso.

"Ee," akasema, "kutokea hapa ni mzuri zaidi. Tazama mgongo ulivyonyooka. Hata pembe zimekaa."

Alikuwa anatazama choo cha jirani.

Nilidhani ananitania. Nikangoja acheke. Hakucheka. Uso wake ulikuwa na heshima kabisa, ule uso wa mtu aliye mbele ya kitu kizuri, na mbele yake kulikuwa na choo cha majani na kuku wawili. Mlima ulikuwa nyuma ya kisogo chake. Kule nyumbani mlango ulitazama mawio. Huku, kwa mistari yao ya rula, milango yote ilitazama machweo. Nikamgeukia mke wangu. Alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, na machozi yanamtoka.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu kabla hujanioa," akasema. "Kulikuwa na mwanga kidogo, ukaisha. Aliniapisha."

"Na nundu? Na mkia?"

"Nilikuwa namwambia mimi," akasema, "nikimpelekea chakula."

Jamani. Miezi ile yote nagombezwa na mke wangu kwa sauti ya baba yangu! "Pembe inasinzia" ilikuwa yake. Kichuguu kilikuwa chake. Hata siku ile, katikati ya uchungu, kitu kimoja ndani yangu kilisimama kikasema: mwanamke huyu ana jicho.

Utaniuliza mtu anafichaje upofu kwa watu wanaomwamkia kila siku. Anaficha, ukiwa Buha, nchi yetu Waha. Salamu zetu si za kupita. Ukimkuta mkubwa unainama, unapiga makofi polepole, unamwambia mwakeye, unamuulizia kulala kwake, wa kwake, mvua ya kwake, naye anakujibu moja moja na kukuuliza wewe, na mpaka mmalize, hata aliye gizani ameshakujua wewe ni nani, unatoka wapi na umekula nini. Nami nilimwamkia hivyo siku zote, kwa adabu zote, nikiinamisha kichwa. Nani anamtazama baba yake machoni?

Nikapiga magoti mbele ya kigoda. "Baba, ng'ombe yuko nyuma yako."

Mikono yake ikashika magoti.

"Basi umeshajua," akasema.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia ungenibeba siku ileile. Kule kwangu nilikuwa naona, mwanangu. Kutoka mlangoni hatua tisa, mgomba. Kutoka mgombani kushoto, kisima. Mahali pale nilipozaliwa, miguu yangu inapajua yenyewe. Huku mtanishika mkono. Nikitaka kwenda haja, nitaita mtu. Nikitaka kumwamkia mtu, nitasubiri mwenye nafasi anipeleke. Ng'ombe nilimpenda, sikudanganya. Lakini sikukataa kuhama kwa ajili yake tu." Akageuza uso pembeni. "Naona haya," akasema.

Baba yangu hakuwahi kusema neno hilo maishani mwake. Nilikasirika, sijui kumkasirikia nani: yeye, mwenyekiti, rula yao, au mimi niliyezunguka bonde mara tano kwa siku nisione kilichokuwa mbele ya pua yangu. Nilikaa chini nikalia kama mtoto, na yeye akanipapasa kichwa akitafuta nilipo.

Kesho yake nikampeleka mlimani. Alikataa, nikamlazimisha, nimerithi ukaidi wake. Nikamvua viatu. Nikamweka juu ya tuta la mgongo, nikamwachia. Akasimama muda, vidole vya miguu vinafunguka na kujifunga kwenye udongo. Kisha akaanza kutembea, mguu mmoja juu ya tuta na mmoja pembeni yake. Akafika nunduni, akapanda, akashuka. Akafuata shingo. Kwenye pembe alikwenda mpaka nchani, akarudi, akaenda ya pili. Mimi nilikuwa nyuma yake hatua mbili, mikono mbele, sipumui.

"Hii ni fupi," akasema.

"Hapana baba, tumepima kwa kamba."

"Kapime tena."

Nikapima. Ilikuwa fupi hatua mbili. Mke wangu hakuiona, mimi sikuiona, watu wa Kumsenga hawakuiona. Mguu wake uliiona. Akakaa palepale juu ya kichwa cha ng'ombe, akacheka kicheko chake cha kukohoa, nami nikakaa karibu yake, na wazo likanijia polepole sana, polepole mpaka naona aibu kulisimulia.

Siku nne sikupumzika. Nilianza mlangoni kwa baba. Nikainua tuta jembamba, kimo cha kifundo cha mguu, nikalishindilia kwa mti mpaka likawa gumu: hilo liende chooni. La pili likapinda kwenda kwa jirani wa kushoto. La tatu refu, liende barazani kwa mwenyekiti. Kwenye kila njia panda nikapanga kokoto, ili unyayo ujue kwamba hapa panataka uamuzi. La chooni lilikuwa na vifundo viwili vya udongo vya kulitambulisha, la jirani kimoja, la barazani halina. Mke wangu alitembea yote akiwa amefumba macho, akanikosoa mara sita, na safari hii kwa sauti yake mwenyewe.

Kijiji kikanuna. Baiskeli zilikwama. Mwenyekiti akasema nimeharibu mistari yake. Bwana shamba akaja, akatazama tuta la barazani linavyoshuka na mwinuko, akashika kichwa. "Wewe! Mvua ikija, maji yote ya kijiji yataingia kwa mwenyekiti!" Alisema kweli, na mvua ilipokuja yaliingia. Nilijenga upya mara mbili, kwa mawe, kwa mapindi, huku bwana shamba mwenyewe akinishikia kamba. Baba alijifunza kwa kuanguka. Alianguka kwenye kokoto, alianguka juu ya mbuzi wa watu, siku moja aliingia kwa jirani akidhani ni chooni, na salamu ya siku ile ilikuwa fupi kuliko zote zilizowahi kutolewa Buha. Kila akianguka nilikimbia, na kila nikikimbia alinifukuza. Nilianza kuogopa kwamba nimempa jambo jingine la kuonea haya.

Mvua za kwanza za mwaka uliofuata nilikuwa mlimani mchana mmoja, namlima ng'ombe upya, maana magugu yalikuwa yamemla usoni. Tuta la mwisho nililokuwa nimechimba lilitoka kijijini, likashuka bondeni, likavuka mto penye magogo, likapanda mpaka kwenye mguu wa nyuma wa ng'ombe. Nililichimba kwa kutumaini tu. Hakuna aliyekuwa amelipita zaidi yangu. Nilikuwa nimeinama, nikasikia mtu anahema nyuma yangu.

Baba alikuwa amesimama juu ya tuta, peku, suruali imelowa mpaka magotini, kofia imekwenda upande.

"Mkeo anasema ugali unapoa," akasema.

Nikatazama nyuma yake nione ni nani amemleta. Nikatazama bondeni, kwenye magogo, kwenye njia yote mpaka kijijini. Hapakuwa na mtu. Jembe likanitoka mkononi.

"Sasa unasubiri nini?" baba akasema, akageuka, mguu wake ukitafuta tuta na kulipata. "Nifuate mimi, usije ukapotea."

Nikamfuata.